Siku tano kwenye nyumba ya mbao, msitu wa misonobari, mita 2,400: naomba namba

MamaWatatu

Wakuu, salaam. Tumeshalipa nusu ya pesa ya nyumba ya mbao ndani ya msitu wa misonobari mlimani, usiku nne. Mwinuko ni mita 2,400 na sisi tunatoka karibu na usawa wa bahari. Tuko sita: wazima wawili, bibi wa miaka 68 anayetumia dawa za presha, watoto wa miaka 9 na 5, na mdogo wa miezi 10. Usiku baridi hufika nyuzi 2 au 3.

Mwenye nyumba anasema kuna jiko la kuni la chuma sebuleni lenye bomba la moshi, kuni za msonobari "za kutosha", jiko la gesi la kupikia, umeme wa jua, maji ya chemchemi yanayohifadhiwa kwenye tangi, na vitanda viwili darini vinavyofikiwa kwa ngazi. Kilomita sita za mwisho ni barabara ya udongo.

Ninachotaka kujua: kuni za kutosha ni kilo ngapi? Maji hayo tuyafanye nini kabla ya kunywa? Mwinuko huo una shida kwa bibi na mtoto mchanga? Na nimuulize nini mwenye nyumba kabla sijamalizia malipo? "Bebeni masweta" nimeshaambiwa na kila mtu.

Tanuri

Kuni za msonobari ndani ya nyumba hapana. Utomvu wake unaganda kwenye bomba la moshi, na siku moja bomba lenyewe linashika moto. Mwambie akutafutie kuni za mti mgumu.

FundiDohani

@Tanuri, hilo linasemwa sana lakini utomvu unasingiziwa. Ile lami nyeusi ndani ya bomba ni moshi uliopoa na kuganda kabla haujatoka nje. Moshi wa hivyo unatokana na kuni mbichi au moto ulionyimwa hewa. Mti mgumu mbichi unachafua bomba kuliko msonobari mkavu. Kasoro ya kweli ya msonobari ni wepesi wake: unawaka kwa kasi na hauachi makaa ya kukaa hadi asubuhi. Hiyo inabadilisha namna ya kuutumia, haiufanyi uwe sumu.

Sasa hesabu, Mama. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kama kilowati-saa 4. Jiko zuri la chuma linaingiza chumbani asilimia 70 hivi ya hiyo, nyingine inapotea juu. Kwa jiko dogo la kilowati 5 unachoma kama kilo 1.8 kwa saa. Ukiwasha saa kumi jioni hadi saa nne usiku ni kilo 11, na asubuhi saa tatu nyingine ni kilo 5 na kitu. Siku moja kilo 16, usiku nne kilo 65. Ongeza kilo 15 za siku ya kwanza, maana nyumba ya magogo iliyokaa wazi bila moto kuta zake zimelala na baridi, na zinakunywa joto kwa saa tano sita kabla ninyi hamjalisikia. Kwa hiyo "za kutosha" ni kilo 80, zikiwa kavu. Muulize zilikatwa lini, zilipasuliwa lini na zimehifadhiwa wapi. Jibu zuri ni kwamba zilipasuliwa si chini ya miezi sita iliyopita na ziko chini ya paa, pembeni wazi. Kuni zilizofunikwa turubai hadi chini huoza, hazikauki.

Mkifika, chukua vipande viwili uvigonganishe. Kavu inalia kama kofi, mbichi inalia butu. Ncha za kavu zina nyufa zinazotoka katikati kama miali. Msonobari uliokatwa karibuni, nusu ya uzito wake ni maji. Sehemu ya moto inaishia kuyachemsha hayo maji.

Kuwasha: fungua kilango cha hewa chote, na cha bomba kama kipo. Vipande viwili vinene chini, vitatu vya unene wa kifundo cha mkono juu yake kwa kukingama, kisha vijiti kumi vya unene wa kidole, na juu kabisa karatasi na koni mbili tatu kavu za msonobari, ambazo ni kiwashio kizuri kuliko chochote cha dukani. Washa juu, moto ushuke wenyewe. Hapo moshi wa vipande vya chini unapita kwenye mwali na kuungua badala ya kwenda kuganda bombani. Mlango wa jiko uache wazi upana wa kidole kwa dakika tano hadi kumi, mtu akiwa amekaa hapo hapo, halafu ufunge. Mafuta ya taa na petroli visikaribie.

Moshi ukirudi ndani, karibu kila mara ni bomba baridi: hewa nzito imekaa ndani kama kizibo. Zima, fungua dirisha moja, choma karatasi iliyokunjwa karibu na mdomo wa bomba mpaka usikie mvumo, ndipo uwashe. Ukirudi tena ujue bomba limezibwa na kiota au majani, na jiko hilo halitumiki mpaka lisafishwe. Hakuna ujanja hapo.

Kosa kubwa la wageni ni la usiku. Wanajaza jiko pomoni, wanafunga hewa ili moto "ulale" hadi asubuhi. Moto ulionyimwa hewa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na bomba lililopoa halina nguvu ya kuivuta nje. Choma kidogo kwa moto mkali, kuni mbili tatu kila dakika 40, kisha acha ufe wenyewe hewa ikiwa wazi. Usiku joto litoke kwenye mablanketi. Na jiko la makaa lisiingie ndani hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi.

Beba kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri, hata akisema ipo. Iweke chumba wanacholala watu, ibonyeze kabla ya kuondoka nyumbani. Ya moshi iwe kwenye dari ya juu, kwa sababu moshi unafika darini kabla haujamwamsha aliye chini.

Majivu yachotwe kwa koleo la chuma kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikae juu ya jiwe au udongo mtupu mita tatu kutoka ukutani. Kaa moja ndani ya majivu huishi siku kadhaa. Mfuko wa plastiki au boksi kwenye veranda ya mbao ndiyo njia ya kawaida ya kuteketeza nyumba za namna hii.

ManesiWaZamu

Najibu la mwinuko. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuhesabiwa kuanzia mita 2,500, lakini mpaka huo si ukuta unaowalinda walio mita 2,400. Mtu akipanda kwa siku moja kutoka pwani anaweza kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula, kutapika na kulala vibaya, kwa kawaida saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Wengi hupona ndani ya siku moja au mbili wakipumzika. Kama ratiba inaruhusu, laleni usiku mmoja njiani kwenye mita 1,200 hadi 1,500. Kama hairuhusu, siku ya kwanza ni ya kukaa: hakuna kupanda kilima wala pombe.

Mtoto wa miezi 10 hasemi. Kwake dalili ni kulia bila sababu inayoonekana, kukataa ziwa au chupa, kutapika, kutolala. Ukiona hivyo mlimani chukulia kuwa ni mwinuko mpaka kitu kingine kithibitike. Sheria ni mbili: mwenye dalili haendi juu zaidi, na dalili zikizidi anashushwa. Mtu anayehema akiwa amekaa, anayeyumba akitembea au anayechanganyikiwa anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Kwa hiyo gari lisiwe na mafuta ya mshale mwekundu.

Bibi amwone daktari wake kabla ya safari, asiache dawa hata siku moja, na mashine ya presha iende naye. Presha hupanda kidogo siku za mwanzo kwenye mwinuko, na baridi inaongeza, kwa hiyo apime asubuhi na jioni akiwa ameketi dakika tano.

Sasa jambo ambalo huwa halisemwi. Kichwa cha mwinuko na kichwa cha kaboni monoksidi vinafanana kabisa: maumivu, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu. Familia inajisemea "ni mwinuko tu", inafunga dirisha kwa sababu ya baridi, inarudi kulala karibu na jiko. Vidokezo vya kutofautisha: kaboni inawashika watu kadhaa kwa wakati mmoja, moto ukiwaka, na wanapata nafuu wakikaa nje. Mwinuko hauna habari na jiko, na dakika kumi na tano za ubarazani haziuondoi. Lakini usikae ndani ukichambua. Toa wote nje, wahesabu sita, ndipo ufikiri. Kengele ikilia ni hivyo hivyo, na aliyezimia au anayechanganyikiwa anahitaji hospitali hata akizinduka.

Mdogo alale kwenye mfuko wa kulalia wa saizi yake, kitanda chake, bila mablanketi yaliyolegea na bila kofia ndani ya nyumba. Chumba cha nyuzi 16 hadi 20 kinamtosha. Wazazi wengi humpika kwa nguo nyingi: mguse kifua au shingo, si viganja, viganja vya watoto mara nyingi huwa baridi. Kwenye kiti cha gari asivae koti nene, kwa sababu mkanda unakaza koti badala ya mtoto. Mfunge kwanza, blanketi juu. Wakati wa kupanda na kushuka mnyonyeshe au mpe chupa ili masikio yafunguke, ila gari lisimame kwanza, asitolewe kwenye kiti likiwa linatembea.

Na jua: miale mikali huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kila mita 1,000. Huko mtakuwa na robo zaidi ya mliyoizoea, na baridi inaficha kuungua. Kofia, na mafuta ya kujikinga kwa wote isipokuwa pale mdogo anapofunikwa kwa nguo.

SolaNaMaji

Maji: chemchemi safi kwa macho si safi kwa tumbo, hasa yakishakaa kwenye tangi. Kwa mita 2,400 maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100. Vijidudu vinakufa hata hapo, ila kuanzia mita 2,000 chemsha dakika 3 kamili tangu yaanze kububujika kwa nguvu, badala ya dakika 1 ya nchi ya chini. Yakiwa na vumbi yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Kunywa na kupika weka lita 4 kwa mtu kwa siku: lita 24 kwa familia, na lita 20 za siku ya kwanza mje nazo, kwa sababu mtafika mmechoka na hakuna atakayetaka kuchemsha. Muulize tangi ni la lita ngapi na linajaa kwa muda gani. Sita wakioga kila siku, tangi la lita 500 ni la siku chache.

Nyuzi 92 hizo zina maana nyingine: maharagwe makavu huchelewa sana kuiva. Yatachemka, mtayaangalia, saa tatu baadaye huenda bado ni magumu. Yaloweke usiku kucha na utumie sufuria ya presha, au yapike nyumbani uyagandishe. Wali na tambi ongeza maji kidogo na dakika kadhaa. Paketi zilizofungwa zitavimba kama mpira, na chupa za shampuu zitatema zikifunguliwa. Ziwe ndani ya mfuko.

Gesi: muulize mtungi ni wa gesi gani. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0, kwa hiyo mtungi wenye butani nyingi ukikaa nje asubuhi ya nyuzi 2 unatoa mwali wa kinyonge, mgonjwa. Watu wanadhani umeisha. Propani haina shida hiyo. Mtungi usipashwe kwa moto wala maji yanayochemka, subiri jua.

Umeme: betri moja ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ni wati-saa 1,200, na kama ni ya risasi na asidi utumie nusu tu, 600. Taa tano za wati 5 kwa saa tano ni 125. Simu nne ni 60. Hapo mko sawa. Birika la umeme la wati 2,000 au mashine ya kukausha nywele inaangusha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) kwa mpigo mmoja, na nyumba nzima giza. Chini ya misonobari mirefu paneli hupata jua saa chache, ukungu ukishuka hupati kitu. Tochi ya kichwani kwa kila anayetembea, si moja ya familia.

NjiaYaMsitu

Fikeni kabla ya saa tisa alasiri. Bondeni jua linajificha nyuma ya mlima mapema, na mnahitaji mwanga wa kukagua bomba, kuni na uwanja. Gari likae limeelekea njia ya kutokea. Kurudi, shukeni kwa gia ndogo. Anayekanyaga breki kilomita zote hizo anazichemsha hadi zinakataa kushika.

Kabla ya kuegesha gari au kutundika bembea, tazama juu. Tawi lililokufa la msonobari linaweza kuning'inia miezi, kisha likashuka siku isiyo na upepo. Miti iliyosimama imekauka, au yenye ardhi iliyoinuka upande mmoja wa mizizi baada ya mvua, ipisheni kwa urefu wake na nusu.

Majani makavu ya msonobari yanashika moto kama karatasi. Mita moja na nusu kutoka ukutani pawe udongo au mawe matupu, mifereji ya paa iwe imefagiliwa. Moto wa nje usiwashwe juu ya lile zulia la majani: moto unazama chini, unatembea kwenye mizizi na kuibukia mbali kesho yake. Pale panaporuhusiwa, tumia shimo lenye mawe, kisha mwagia maji, koroga, mwagia tena, hadi mgongo wa kiganja usisikie joto.

Kupe hawadondoki kutoka juu. Wanangoja kwenye nyasi na vichaka kando ya njia. Suruali ndani ya soksi, na kila jioni kagua watoto nyuma ya masikio, kwapani, kinena, nyuma ya magoti. Mng'oe kwa kibano chembamba, ukimshika karibu kabisa na ngozi, ukivuta moja kwa moja juu taratibu. Mafuta, kiberiti na sabuni vinamfanya ateme mate zaidi ndani ya jeraha.

Kama msitu uko maeneo ya Mediterania, ukiona mipira ya utando mweupe kwenye ncha za matawi, au viwavi wenye manyoya wakiandamana mstari mmoja chini, watoto wasisogee. Manyoya yao huwasha ngozi, macho na koo hata bila kuguswa kiwavi mwenyewe, kwa sababu upepo unayabeba.

Nyumba iliyofungwa muda mrefu ina panya. Vinyesi visifagiliwe vikavu, maana vumbi lake katika baadhi ya nchi hubeba virusi vya hanta. Fungua madirisha nusu saa watoto wakiwa nje, nyunyizia sehemu moja ya dawa ya klorini kwa tisa za maji, acha dakika tano, pangusa kwa karatasi ukiwa na glavu.

Watoto wa miaka 9 na 5 wavae rangi inayopiga kelele na filimbi shingoni. Msitu uliopandwa kwa mistari unafanana kila upande, mtu mzima anapotea mita mia kutoka mlangoni. Wafundishe: ukipotea kumbatia mti mmoja, usiondoke, piga filimbi mara tatu, pumzika, rudia. Fanyeni mazoezi siku ya kwanza, watafurahi kupita kiasi na mtajuta zile filimbi, lakini zibaki.

Utomvu mikononi: mafuta ya kupikia kwanza, sugua, kisha sabuni. Maji peke yake yanausambaza.

MamaWatatu

Asanteni sana. Nimemuuliza mwenye nyumba. Kuni ziko chini ya paa, zilipasuliwa miezi minane iliyopita. Gesi ni propani. Kengele ya kaboni hana. Bomba hakumbuki lilisafishwa lini. Uzio wa darini una nafasi za sentimita 15 kati ya ubao na ubao. Nimalizie malipo?

FundiDohani

Kuni na gesi vizuri. "Hakumbuki" kwenye bomba maana yake hapana. Mwandikie kwamba salio linalipwa bomba likishapigwa brashi juu hadi chini, na akutumie picha ya kilichotoka. Akitoa masizi makavu ya unga, kikombe kimoja au viwili, sawa. Yakitoka magamba yanayong'aa kama lami, huyo anahitaji fundi, na ninyi mnahitaji nyumba nyingine. Kengele utakuja nayo, tulishasema.

Uzio: mwanya usizidi sentimita 10, vinginevyo mwili wa mtoto mdogo unapita na kichwa kinabaki. Wa miaka 5 alale chini pamoja nanyi, wa miaka 9 apande juu na mtu mzima mmoja. Mdogo anayetambaa atavutwa na ngazi kuliko kitu chochote humo ndani, kwa hiyo ikiwa inatoka, itoeni mchana. Kama imepigiliwa, funga ubao mpana kwenye vidato vitatu vya chini kwa kamba. Jiko nalo lizungushiwe kizuizi umbali wa mita moja; chuma hicho kinaunguza kiganja kwa mguso mmoja na hubaki na moto zaidi ya saa moja baada ya mwali kufa.

ManesiWaZamu

Na dirisha la darini likaguliwe kama linafunguka na mtu anapita. Ngazi ikiwa karibu na jiko, dirisha hilo ndilo njia yao ya pili ya kutoka.